Matangazo ya Nyumba Yalivyopanda Kwenye Ramani

Sikilizeni, wanangu. Mwaka 2005 kulikuwa na mtu California, Marekani, jina lake Paul Rademacher, aliyekuwa akihangaika kutafuta nyumba ya kupanga. Si mtu wa kushindwa na kompyuta, maana alikuwa mtaalamu wa programu katika DreamWorks, kampuni inayotengeneza filamu za katuni. Lakini kwenye suala la nyumba alikuwa sawa na mpangaji mwingine yeyote: anasoma matangazo, anawasha gari, anakwenda kuangalia, anarudi mikono mitupu.

Matangazo aliyasoma kwenye tovuti ya Craigslist, ambako wenye nyumba wengi wa eneo la San Francisco walikuwa wakiyaweka. Tovuti hiyo ilianza mwaka 1995 kama barua pepe tu, Craig Newmark akiwaarifu marafiki zake kuhusu shughuli za mjini. Miaka kumi baadaye ilikuwa imekua sana, ila sura yake ilibaki maandishi matupu. Tangazo moja, mstari mmoja: vyumba viwili, kodi kiasi fulani, mtaa fulani. Chini yake lingine, na chini yake lingine tena. Jipya linakaa juu, la zamani linasukumwa chini.

Ugumu ulianzia hapo. Matangazo yalipangwa kwa kufuata saa yalipowekwa. Nyumba mbili zinazotazamana barabara moja zingeweza kutenganishwa na matangazo mia, kwa sababu mwenye hii aliandika asubuhi na mwenye ile aliandika jioni. Na nyumba mbili zinazofuatana kwenye orodha zingeweza kuwa mbali kwa mwendo wa saa nzima, kwani eneo lile ni pana, lina ghuba katikati, watu wanavuka kwa madaraja, na foleni za magari hazina huruma.

Ukibofya tangazo lenye anwani, inafunguka ramani yenye nyumba hiyo moja peke yake. Ukitaka kuiona ya pili, unafungua ramani ya pili. Basi Rademacher akawa anachapisha: tangazo na ramani yake, tangazo na ramani yake, mpaka ana bunda la karatasi ndani ya gari. Akifika mtaa fulani anapekua bunda zima kuona kama kuna nyumba nyingine karibu na pale, ili asirudi huko kesho kwa safari ileile.

Litazameni vizuri tatizo hili. Hakuna taarifa iliyokosekana. Kodi ipo, vyumba vipo, anwani ipo. Kilichokosekana ni njia ya kuuliza swali ambalo kila mtafuta nyumba analo moyoni: upande huu ninaoutaka mimi, karibu na kazi yangu, karibu na shule ya wanangu, kuna nini cha kupanga kwa pesa niliyo nayo? Orodha haiwezi kulijibu swali hilo hata ukiisoma usiku kucha. Swali la mahali linajibiwa na ramani.

Bahati nzuri, Februari ya mwaka huohuo, Google walikuwa wametoa ramani ya aina mpya kwenye intaneti. Mwanzo wake ulikuwa Sydney, Australia, kwa ndugu wawili wa Kidenmark, Lars na Jens Rasmussen, na wenzao Noel Gordon na Stephen Ma. Kampuni yao ndogo ilinunuliwa na Google mwaka 2004. Ramani za mtandaoni zilikuwepo kabla yao, lakini zilichosha. Ulitaka kuona kidogo upande wa kushoto, unabofya mshale, ukurasa wote unatoweka, unasubiri, unakuja ukurasa mwingine. Hii mpya uliikamata kwa kipanya ukaivuta, nayo ikasogea papo hapo.

Nitawaeleza inavyofanya kazi, maana mnaitumia kila siku kwenye simu na pengine hamjapata kujiuliza. Picha ya dunia nzima, pamoja na kila kichochoro, ni kubwa mno kuingia kwenye simu ya mtu. Kwa hiyo ramani inakatwakatwa vipande vya mraba, kama sakafu ya vigae. Katika ramani nyingi kigae kimoja kina nukta 256 kwa upana na 256 kwa urefu. Ukiitazama dunia kutoka mbali kabisa, yote inaenea kwenye kigae kimoja. Sogea karibu hatua moja, kigae hicho kinagawanyika vinne. Hatua ya pili vinakuwa 16, ya tatu 64. Fanyeni hesabu wenyewe, mkizidisha kwa nne kila hatua: hatua ya 10 ni vigae zaidi ya milioni moja, na hatua ya 18, unapoweza kuona umbo la nyumba mojamoja, ni zaidi ya bilioni 68.

Simu haivichukui vyote. Inaomba vile tu vinavyojaza kioo chako, na ukianza kuvuta kwa kidole inakimbilia kuomba vya pembeni kabla hujavifikia. Ile miraba ya kijivu mnayoiona mtandao ukiwa mbovu ni vigae ambavyo havijafika.

Alama za nyumba, shule au hospitali unazoweka mwenyewe hazimo ndani ya vigae. Zinalazwa juu yake, kwenye tabaka lao, na kivinjari kinakokotoa kila moja ikae nukta ipi ya kioo. Maana yake ni kwamba ramani inaweza kuwa ya mtu mmoja na alama zikawa za mtu mwingine kabisa. Na zile amri zinazoendesha ramani zilikuwa zinafika kwenye kivinjari cha kila mtumiaji, kwa hiyo mtu mwenye ujuzi na subira aliweza kuzifungua na kuzisoma.

Rademacher alizisoma. Kisha akaandika programu inayopitia matangazo ya Craigslist, inachomoa anwani na kodi, inazigeuza anwani kuwa vipimo vya mahali, halafu inachomeka alama moja juu ya ramani kwa kila nyumba. Aprili 2005 akaionyesha kwa watu. Akaiita HousingMaps. Unachagua mji, unachagua kiwango cha kodi unachokimudu, na nyumba zote zinatokea kwa pamoja, kila moja mtaani kwake. Unabofya alama, unasoma tangazo. Lile bunda la karatasi likawa halina kazi tena.

Nimesema anwani zinageuzwa kuwa vipimo vya mahali. Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu bila hatua hiyo hakuna ramani ya nyumba.

Sisi tukimwelekeza mgeni tunasema: shuka kituo kile, pita nyuma ya msikiti, ukifika duka la Mangi ulizia. Kompyuta haielewi maneno hayo. Yenyewe inaelewa namba mbili, latitudo na longitudo. Dar es Salaam iko karibu na latitudo 6.8 kusini na longitudo 39.3 mashariki. Namba fupi hivyo zinatosha kuutaja mji, hazitoshi kutaja nyumba. Digrii moja ya latitudo ina kilomita 111 hivi. Ukiandika tarakimu moja baada ya nukta, unapima kwa hatua za kilomita 11. Tarakimu ya pili inakuleta kwenye kilomita moja na ushee. Ya tatu, mita 111, sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Ya nne, mita 11, na hapo umefika kwenye nyumba yenyewe. Tarakimu ya tano ni mita moja, upana wa mlango.

Sasa, mtu ameandika tu jina la barabara na namba ya nyumba. Kompyuta inazipata wapi tarakimu hizo? Katika miji ya Marekani namba za nyumba zinafuata utaratibu. Kipande cha barabara kati ya njiapanda mbili kina, tuseme, namba 100 mpaka 198, za shufwa upande mmoja na za witiri upande wa pili. Programu inajua vipimo vya njiapanda hizo mbili. Ukiipa namba 150 inapiga hesabu kwamba nyumba hiyo iko katikati, inaweka alama hapo. Mara nyingi inapatia, au inakosea kwa nyumba mbili tatu. Kumbukeni jambo hili, tutalihitaji tukifika kwetu.

Rademacher hakuwa ameomba ruhusa ya mtu. Google wangeweza kuifunga programu yake siku hiyohiyo. Hawakuifunga. Juni mwaka huo walifungua njia rasmi kwa yeyote anayetaka kuweka alama zake juu ya ramani zao, na baadaye wakamwajiri Rademacher mwenyewe. Hata kabla ya Juni, mwandishi wa habari Adrian Holovaty alikuwa ameshaweka taarifa za uhalifu za polisi wa Chicago kwenye ramani, ili mkazi aone yaliyotokea mtaani kwake. Mwaka uliofuata ikaanza tovuti ya Zillow, ikionyesha makadirio ya bei za nyumba moja baada ya nyingine kwenye ramani. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, na leo tovuti ya nyumba isiyo na ramani inaonekana haijakamilika.

Katika yote yaliyofuata, ninayoipenda zaidi ni ramani moja ya London ya mwaka 2007. Ilitengenezwa na mySociety, shirika la Uingereza, wakishirikiana na wabunifu wa Stamen wa San Francisco. Pembeni ya ramani kulikuwa na vidude viwili vya kusogeza kwa kipanya. Kimoja kiliweka muda ambao uko tayari kusafiri kwenda kazini. Kingine kiliweka bei ya nyumba unayoiweza. Ukipunguza muda, maeneo ya mbali yanazimika. Ukipunguza bei, katikati ya mji kunazimika. Panapobaki panang'aa ndipo mahali pako pa kutafutia. Hebu fikirieni: mfanyakazi anayetaka kujua kama mshahara wake na usingizi wake vinaweza kuishi mji mmoja, anasogeza vidude viwili na kupata jibu, kabla hajapoteza Jumamosi hata moja kuzunguka.

Tuje Dar es Salaam. Chukueni mfano wa mama anayeuza vitenge Kariakoo, anatafuta chumba na sebule. Dalali ana nyumba mbili, kodi ni ileile: moja Kimara, nyingine Goba. Zote anamwambia ni karibu na barabara. Mama akizitazama kwenye ramani, nyumba ya Kimara iko mwendo wa miguu kutoka kituo cha basi la mwendokasi, na basi hilo linakwenda mpaka Gerezani, palepale Kariakoo. Ya Goba, kabla ya kupata basi la kwenda mjini, kwanza bodaboda. Nauli ya bodaboda asubuhi na jioni, mara siku 26 za mwezi, ni sehemu ya kodi ingawa haimo kwenye mkataba. Orodha ya dalali imeandika kodi sawa, lakini kwa mama huyu kodi hizo si sawa.

Na hapa kwetu kosa la nyumba ni ghali. Mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka mzima. Dalali naye anachukua chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Ukishalipa huwezi kusema wiki ya pili kwamba umegundua ni mbali. Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba ramani itangulie, miguu ifuate. Dalali mzuri ana yake ya kukueleza, kama maji yanatoka siku zipi na mwenye nyumba ana tabia gani. Ila umbali usimwulize mtu anayelipwa ukikubali nyumba. Bonyeza kidole kwenye nyumba, chagua kupima umbali, uone mwenyewe.

Lakini ramani inaonyesha kile tu ambacho mtu ameiwekea. Mwaka 2009, Kibera, mtaa maarufu wa Nairobi, penye watu wengi mno, ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni. Shule zilikuwepo, zahanati zilikuwepo, vioski vya maji vilikuwepo. Kwenye ramani hakuna kitu. Vijana wa palepale wakapewa vifaa vya GPS, wakapita vichochoro kimoja baada ya kingine wakiandika kila walichokikuta. Mradi uliitwa Map Kibera. Waliyokusanya waliyaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuitumia bure.

Kwetu Dar es Salaam uchoraji wa namna hiyo ulianza na eneo la Tandale mwaka 2011. Kisha mwaka 2015 ukaja mradi mkubwa zaidi, Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoka darasani wakaingia mitaani pamoja na wakazi. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, nao walio chini wakachora nyumba, njia, mitaro na madaraja ya miguu. Kilichowasukuma ni mafuriko, na hapo ndipo kazi yao inapomgusa mtafuta nyumba hata kama hawakuwa na nia ya kumtafutia mtu chumba.

Nenda bonde la Mto Msimbazi, humohumo Dar es Salaam, mwezi wa nane. Ardhi imekauka, upepo unapita, mjini unafika upesi. Ukionyeshwa chumba huko mwezi huo utakipenda, na hakuna kitu mlangoni kitakachokuambia maji yalifika wapi masika yaliyopita. Anayejua ni jirani aliyehamishia godoro juu ya paa. Wachoraji wa Ramani Huria waliwauliza majirani wa namna hiyo: maji yalifika wapi? Jibu likiwekwa juu ya ramani linakuwa tabaka jingine, na ukililaza chini ya alama za nyumba za kupanga unaona mara moja zipi ziko njiani mwa maji. Binafsi nasema tabaka hilo lilipaswa kuwa kwenye kila tovuti inayotangaza nyumba za Dar es Salaam, kabla ya picha za jikoni na rangi ya ukuta.

Mnakumbuka ile hesabu ya namba 150 katikati ya 100 na 198? Kwetu haikuwezekana, kwa sababu mitaa mingi haikuwa na majina wala nyumba namba. Mwenye tangazo aliandika "Sinza" au "Mwananyamala", na kompyuta ikaweka alama katikati ya kata, hata kama nyumba iko ukingoni kabisa. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Anwani za Makazi nchi nzima: nguzo zikasimikwa zenye majina ya mitaa, vibao vya namba vikabandikwa kwenye nyumba. Tazameni juu ya mlango wenu, huenda kipo. Mwenye nyumba akiandika namba hiyo kwenye tangazo lake, alama ina nafasi ya kuangukia paa lake badala ya la jirani.

Msipoiona anwani kamili msidhani kila mara ni ujanja. Tovuti nyingine huonyesha duara la eneo badala ya nukta, ili watu wasiokusudiwa wasijue mlango wa mtu anayeishi humo bado. Hiyo ni heshima, na ni usalama. Lakini matapeli nao wapo, tena wanapenda ramani kwa kuwa inampa mtu imani. Alama yoyote inaweza kuwekwa popote. Picha ya sebule nzuri inaweza kuwa imeibwa kwenye tangazo la mji mwingine. Mkiona nyumba nzuri kwa kodi ya chini kuliko zote zinazoizunguka, na anayeitangaza anataka pesa itumwe kwa simu kwanza ndipo aoneshe, waambieni wazazi wasitume. Ramani yenyewe itawasaidia hapo pia: tazameni picha ya angani mahali alama ilipo. Nimewahi kuona alama ya nyumba ya ghorofa ikiwa imekaa juu ya kiwanja kitupu.

Nyumba ikishapita mitihani hiyo, nendeni. Nendeni jioni watu wakiwa wamerudi kazini, mwulizeni anayekaa chumba cha pili habari za maji, umeme na masika. Mkipata la maana ambalo ramani haina, kwa mfano kioski cha maji au daraja lililochukuliwa na mvua, fungueni OpenStreetMap, jiandikisheni, bofyeni kitufe cha kuhariri, mliweke mahali pake. Huko Mwanza au Tanga kuna mtu amepata kazi mtaani kwenu, hajawahi kufika, na usiku huu anausogeza mji wenu kwa kidole akitafuta chumba.